Gari Kuukuu Linapoanza Kula Mafuta: Namna ya Kutafuta Chanzo

Gari lililozoea kwenda kilomita 12 kwa lita moja ya petroli halishuki hadi kilomita 8 bila sababu, na umri peke yake si sababu. Injini inayochakaa hupoteza nguvu taratibu, kwa miaka, hata mwenye gari akazoea bila kutambua. Ulaji unaopanda ndani ya wiki au miezi michache una chanzo chake mahususi, na mara nyingi ni kitu kidogo kilichoziba, kilichokatika, kilichoganda au kilichotolewa na fundi kwenye matengenezo yaliyopita. Kazi ya uchunguzi ni kukifikia kitu hicho bila kununua vipuri vya kubahatisha.

Kwa magari ya Chiungutwa na kata za jirani wilayani Masasi, jambo hili hugusa mfuko moja kwa moja. Magari yenyewe ni yale yale yanayoonekana kote kusini: Corolla 110, Carina, Noah za mwishoni mwa miaka ya 1990, RAV4, Hilux, Hiace, na Land Cruiser zinazobeba watu na magunia kwa pamoja. Kazi yao ni mchanga, changarawe, na mlima wa kupandia uwanda wa Makonde hadi Newala. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, Jumatano ya kwanza, na bei ya wilaya za ndani huwa juu ya ile ya Mtwara mjini yenye bandari, kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Bei hiyo mwenye gari hawezi kuishusha. Anachoweza kukifuatilia ni lita zinazopotea ndani ya gari lake.

Kipimo kabla ya spana

Malalamiko mengi ya gari kula mafuta hutokana na hesabu ya shilingi. Dereva huweka mafuta ya elfu ishirini, huona yamekwisha kabla ya safari aliyoizoea, na gari huhukumiwa. Lakini bei ikipanda, elfu ishirini ile ile huleta lita pungufu. Hesabu ya ulaji hufanywa kwa lita na kilomita tu. Mshale wa tanki nao hausaidii: kwenye magari ya zamani kifaa cha kupimia ndani ya tanki huchakaa, na nusu ya kwanza ya mshale mara nyingi hubeba mafuta tofauti na nusu ya pili.

Njia inayoaminika ni ya kujaza hadi kujaza. Tanki hujazwa mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha kilomita za dashibodi huandikwa. Gari hutumika kama kawaida. Linaporudi sheli, hujazwa tena mpaka pampu ijikate, ikiwezekana kwenye pampu ile ile na gari likiwa limesimama palepale, kwa sababu tanki lililoinama upande mmoja hupokea kiasi tofauti. Kilomita zilizotembewa hugawanywa kwa lita zilizoingia mara ya pili. Kilomita 312 kwa lita 26 ni kilomita 12 kwa lita. Kujaza mara moja hakutoshi. Wastani wa mara tatu ndio wa kuaminika.

Njia nayo iandikwe kwenye daftari hilo hilo. Gari linalopanda Newala na lile linaloshuka hayawezi kulinganishwa, hivyo safari ipimwe kwenda na kurudi. Gari lililokuwa likienda Masasi mpaka Mtwara kwa lami haliwezi kulinganishwa na lenyewe linapozunguka vijijini kwa gia ya pili na ya tatu. Mradi wa lami wa kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi unaonesha jambo hili vizuri: penye njia ya mchepuko yenye vumbi na mashimo ulaji hupanda, penye lami iliyokamilika hushuka, na injini haijaguswa. Msimu una sehemu yake. Kuanzia Oktoba korosho zinapoanza kutoka shambani, gari dogo hubeba magunia ndani na juu ya keria, na kila kilo ya ziada hulipiwa kwenye kila mwinuko. Kusubiri abiria injini ikinguruma nako huhesabiwa: injini ya lita moja na nusu hadi mbili hutumia takriban nusu lita hadi lita nzima kwa saa bila kusogea, na kiyoyozi kikiwashwa huongeza.

Matairi yanaweza kudanganya hesabu nzima. Corolla nyingi zilitoka kiwandani na matairi ya 175/70R13. Mwenye gari anapohamia 185/70R14 ili gari liinuke juu ya mawe, mzingo wa tairi huongezeka kwa karibu asilimia 7. Dashibodi ikisoma kilomita 100, gari limetembea karibu 107. Ulaji utaonekana umepanda kwenye karatasi hata kama haukupanda, na kilomita hizo hazina budi kurekebishwa kabla ya kumwita fundi.

Mafuta yenyewe yachunguzwe mapema kwa sababu uchunguzi wake ni rahisi. Pampu za vituo hukaguliwa na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika; penye shaka, kujaza kwenye vituo viwili tofauti kwa zamu, mara kadhaa, huonesha tofauti. Petroli ya chupa na dumu inayouzwa barabarani haina mkaguzi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ndani ya petroli na dizeli ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachanganyaji. Petroli iliyochanganywa hufanya injini igonge inapopanda mlima, iwake kwa shida asubuhi, na kutoa harufu ya kibatari kwenye ekzosi. Gari lenye dalili hizo lijazwe tanki mbili za petroli ya kituo kinachoaminika kabla ya jambo lingine lolote.

Yanayolizuia gari kuviringika

Nusu ya uchunguzi haihitaji kufungua boneti. Gari linalosukumwa kwa shida hula mafuta hata injini ikiwa nzima.

Upepo wa matairi hupimwa asubuhi kabla ya kutembea, kwa kiwango kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ambacho kwa magari madogo mengi huwa kati ya psi 28 na 33. Kila psi moja inayopungua kwenye matairi yote manne huongeza ulaji kwa takriban asilimia 0.2. Kiasi hicho ni kidogo, lakini tairi lililoshushwa hadi psi 18 ili kuvuka mchanga, kisha likaachwa hivyo mwezi mzima, huleta hasara inayoonekana na huharibika mabegani. Kushusha upepo kwenye mchanga ni ufundi halali wa madereva wa huku. Kosa ni kutojaza tena lami inapoanza.

Breki zinazoshika ndizo chanzo kinachosahaulika kuliko vyote, na vumbi la uwanda huu huzidisha tatizo. Kalipa ya breki ya diski hutembea juu ya pini mbili zenye grisi zilizofunikwa na viraba vidogo. Kiraba kikipasuka, vumbi jekundu huingia, grisi hugeuka kuwa tope gumu, na pini hukwama. Dereva anapoachia pedali, brekipedi haziachii diski. Gari huendelea kutembea huku likisuguana na breki zake lenyewe, na dereva hukanyaga zaidi bila kujua. Kipimo chake ni rahisi: baada ya kilomita kama kumi za mwendo usiokuwa na breki nyingi, gari lisimamishwe taratibu na mkono usogezwe karibu na rimu ya kila tairi bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake wa upande wa pili, hapo pana breki inayoshika au beringi iliyokufa. Kisha tairi hilo huinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, gia ikiwa huru. Tairi la mbele la gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele huwa na uzito kidogo wa giaboksi, lakini lisilozunguka hata nusu mzunguko baada ya kusukumwa lina tatizo. Hendibreki nayo hukwama, hasa kwenye gari lililolala nje msimu wa mvua likiwa limefungwa breki.

Alaimenti ikipotea kwa kugonga mashimo, matairi ya mbele huburutwa ubavu. Ushahidi uko kwenye tairi lenyewe: ukingo mmoja umelika na mwingine bado una kashata. Klachi inayoteleza hujitambulisha mlimani, mlio wa injini unapopanda lakini mwendo usipande. Kwenye gari la otomatiki, taa ya O/D OFF ikiwa inawaka kwenye dashibodi, gia ya juu imefungiwa. Wapo wanaoibonyeza bila kujua na kuendesha miezi mingi injini ikizunguka kasi kuliko inavyopaswa.

Injini inayofanya kazi ikiwa baridi

Katika magari ya zamani ya Tanzania, chanzo kimoja kinastahili kutafutwa kabla ya kila kingine ndani ya boneti: themostati iliyotolewa. Mazoea hayo yana historia yake. Gari lilichemsha, pengine kwenye mlima wa Newala likiwa na mzigo. Fundi akaona rejeta imeziba au feni haiwaki kwa wakati. Dawa ya haraka ikawa kuitoa themostati ili maji yazunguke muda wote, au kuiunga feni moja kwa moja ili izunguke tangu ufunguo unapowashwa. Gari liliacha kuchemsha, mwenye gari alishukuru, na kuanzia siku hiyo lilianza kunywa mafuta.

Sababu ni hii. Injini ya petroli yenye nozeli hupewa mafuta na kompyuta yake, na kompyuta hutazama joto la maji ili kujua impe injini kiasi gani. Maji yakiwa baridi, huongeza petroli, kwa sababu petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma kisicho na joto. Ni ule utaratibu wa asubuhi gari linapowashwa. Utaratibu huo unapaswa kudumu dakika chache tu. Bila themostati, injini hukaa kwenye nyuzi 60 au chini yake kwa sehemu kubwa ya safari, na kompyuta huendelea kuihudumia kama iliyoamka sasa hivi. Petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuharakisha uchakavu wa ringi. Kwenye otomatiki nyingi za Toyota hasara ni maradufu, maana giaboksi huzuiwa kuingia gia ya juu na kufunga kiunganishi chake mpaka maji yapate joto.

Kuitambua hali hiyo hakuhitaji kifaa. Mshale wa joto kwenye gari zima hupanda mpaka karibu na nusu na kutulia hapo, mlimani na mteremkoni. Mshale unaokaa karibu na C, au unaoshuka gari linapoteremka kutoka Newala na kupanda tena linapokaza mlima, unasema themostati haipo au imekwama wazi. Kipimo cha pili hufanywa asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. Injini huwashwa na mkono hushika hozi ya chini ya rejeta kwa uangalifu, mbali na feni. Themostati ikiwepo na ikiwa nzima, hozi hiyo hubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata joto kwa ghafla pale njia inapofunguka. Isipokuwepo, joto hupanda polepole pamoja na injini tangu mwanzo.

Themostati mpya au ya zamani hupimwa jikoni. Hutundikwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isigusane na chuma, na maji hupashwa moto taratibu. Themostati nyingi za Toyota huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia nyuzi 95 huwa imefunguka angalau milimita 8. Asiye na kipimajoto atosheke na hili: ikiwa baridi lazima iwe imefumba kabisa, na maji yanapoanza kuchemka lazima iwe imefunguka. Ikirudishwa, sababu ya kwanza ya gari kuchemsha nayo itibiwe: rejeta isafishwe, mfuniko wake ubadilishwe kama raba imekufa, feni irudishiwe swichi yake. Kwenye baadhi ya injini themostati ina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha mlimani kuliko lilivyokuwa. Kuitoa, basi, hakuponyi hata ule ugonjwa uliofanya itolewe.

Themostati inaweza kuwa nzima na bado kompyuta ikadanganywa na sensa ya joto la maji. Hii ni tofauti na ile inayoendesha mshale wa dashibodi: kwenye Toyota za kizazi hicho, ya mshale huwa na waya mmoja, na ya kompyuta huwa na nyaya mbili. Hupimwa kwa multimita baada ya kuchomolewa soketi yake. Maji yakiwa nyuzi 20 inapaswa kusoma kilo-omu 2 hadi 3. Kwenye asubuhi ya Masasi ya nyuzi 25 somo huwa karibu na 2. Maji yakifika nyuzi 80 ishuke hadi kati ya omu 200 na 400. Inayobaki juu wakati injini imepata moto inaiambia kompyuta kwamba bado ni alfajiri. Maji ya kisima yanayotumika badala ya kulanti huchangia, kwa kuwa kutu na chumvi hugandamana kwenye kichwa cha sensa.

Hewa, mafuta na cheche

Plagi hufunguliwa kabla ya kununua sensa yoyote, maana plagi husema kilichotokea ndani ya kila silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni uzima. Masizi meusi makavu, yanayofutika kwa kidole, ni mafuta mengi kuliko hewa. Weusi wenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Weupe uliokauka ni hewa nyingi au joto la kupita kiasi. Plagi zote nne zikiwa na masizi sawa, chanzo ni cha injini nzima: joto, sensa, presha ya mafuta. Moja ikiwa nyeusi na tatu nzuri, tatizo liko kwenye silinda hiyo peke yake: waya wa plagi, nozeli inayovuja, au mgandamizo. Nafasi ya cheche iwe ile ya kitabu cha gari, ambayo kwa injini hizi huwa kati ya milimita 0.8 na 1.1. Plagi iliyolika hulazimisha koili kufanya kazi zaidi na hukosa cheche mlimani.

Filta ya hewa hulaumiwa kuliko inavyostahili. Uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulionesha kwamba kwenye magari yanayoongozwa na kompyuta, filta iliyoziba hupunguza nguvu ya gari lakini karibu haibadilishi ulaji, kwa sababu kompyuta hupunguza mafuta kulingana na hewa inayoingia. Gari la kabureta ndilo huathirika moja kwa moja. Hata hivyo filta haipuuzwi huku: gari lisilo na nguvu hukanyagwa zaidi, na filta iliyochanika hupitisha vumbi linalokula silinda. Ipulizwe kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa karatasi imetoboka au raba ya ukingo imekauka, ibadilishwe. Kuiosha kwa maji na sabuni huiua.

Baada ya plagi, kampira kamoja kembamba kanastahili dakika mbili. Injini kama 4E-FE na 5A-FE za Corolla hazipimi hewa kwa kuihesabu; kompyuta hukadiria hewa kutokana na mvuto ndani ya manifoldi, unaosomwa na sensa iliyounganishwa kwa kampira kenye unene wa kalamu. Joto la injini hukakausha. Kwa nje kanaweza kuonekana kazima, lakini kakikunjwa taratibu kwa vidole pale kanapoingia kwenye nipo, nyufa nyembamba kama nywele hufunguka. Kupitia nyufa hizo sensa husoma presha kubwa kuliko iliyopo, kompyuta huamini dereva amekanyaga, na nozeli humwaga mafuta. Ekzosi hutoa moshi mweusi, gari hunguruma bila kutulia, na mwenye gari huuziwa sensa nzima wakati tiba ni sentimita chache za mpira.

Jirani yake ni regyuleta ya presha ya mafuta iliyo kwenye reli ya nozeli, nayo ina kampira kake ka mvuto. Kampira hako kakichomolewa injini ikiwa imezimwa na kukutwa na petroli ndani yake au harufu yake kali, ngozi ya ndani ya regyuleta imepasuka na petroli inafyonzwa moja kwa moja kwenye injini. Hakuna kipimo kingine kinachohitajika. Uvujaji wa nje nao utafutwe kwa pua na macho asubuhi kabla ya kuwasha: hozi za petroli karibu na tanki, mfuniko wa tanki usiofunga, na raba za nozeli. Harufu ya petroli ndani ya gari si jambo la kusubiri wiki ijayo, maana kabla ya kuwa hasara ni hatari ya moto.

Magari ya kizazi hiki yaliyotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi hayana soketi ya mashine za kisasa za kupimia, na gereji nyingine humwambia mwenye gari kwamba halipimiki. Hupimika. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye kifuniko kilichoandikwa DIAGNOSIS. Injini ikiwa imezimwa, kiyoyozi kimefungwa na gia iko huru, waya mfupi huunganisha tundu la TE1 na la E1, kisha ufunguo huwashwa bila kustati. Taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta haijahifadhi kosa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja, ni namba 21, yaani sensa ya oksijeni. Namba 22 ni sensa ya joto la maji, 24 ni ya joto la hewa inayoingia, 31 kwa injini za kampira kale ni sensa ya mvuto, 41 ni ya kilango cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Baada ya matengenezo, kosa hufutwa kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa nusu dakika au zaidi. Waya usiingizwe matundu mengine kwa kubahatisha.

Sensa ya oksijeni hustahili heshima. Ndiyo inayoonja moshi na kuiambia kompyuta ipunguze au iongeze mafuta. Ikifa, kompyuta huendesha kwa makadirio. Wizara ya Nishati ya Marekani hueleza kwamba kurekebisha hitilafu kubwa kama hiyo kunaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40. Lakini namba 21 haithibitishi kwamba sensa imekufa. Injini inayozidishiwa mafuta na themostati au regyuleta huifanya sensa ibaki kwenye somo moja, na kompyuta huiandikia kosa. Kwa hiyo sensa hununuliwa mwisho, baada ya joto, kampira na presha kuthibitishwa kuwa sawa. Masega ya ekzosi yanayosafisha moshi, yakiziba, hukaba injini isipande mizunguko. Yaliyotolewa na kuuzwa huacha gari likitoa moshi mchafu zaidi, na pale sensa ilipoharibiwa wakati wa kukata na kuchomelea, ulaji hupanda palepale.

Cheche ikitokea kwa wakati usio sahihi, mafuta huungua nguvu ikiwa imepita. Kwenye injini zenye distribyuta, taimingi hupimwa kwa taa yake, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa na injini ikinguruma bila kukanyagwa: Toyota hizi hutaka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Ulaji uliopanda mara tu baada ya mkanda wa taimingi kubadilishwa humaanisha kwanza kabisa mkanda umeruka jino.

Dizeli na uchakavu

Land Cruiser, Hilux na Hiace za dizeli za zamani hazina mengi ya haya. Moshi ndio kipimo chao. Mweusi mzito mlimani ni mafuta kuzidi hewa: filta iliyoziba, ambayo kwa dizeli ya pampu ya kawaida huathiri ulaji kweli, nozeli zinazotiririsha badala ya kunyunyiza, au pampu iliyoongezwa mafuta na fundi ili gari livute mzigo. Pampu hiyo irudishwe kwenye kipimo na karakana yenye mashine ya kupimia, wala isikisiwe kwa bisibisi. Moshi wa buluu ni oili.

Oili ya injini huchangia kidogo. Injini iliyotengenezwa kwa oili nyepesi ya 5W-30 ikipewa nzito ya 20W-50 hupoteza asilimia moja au mbili, hasara ambayo injini iliyochoka na inayokula oili inaweza kuivumilia.

Baki la mwisho ni mgandamizo, na hupimwa mwisho kwa makusudi, maana ndiyo hukumu ghali. Plagi zote hufunguliwa injini ikiwa na moto, fyuzi ya EFI huchomolewa, pedali hukanyagwa hadi chini, na kila silinda hupimwa kwa geji. 5A-FE ikiwa mpya hutoa karibu psi 190. Chini ya 142 imechoka, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Silinda dhaifu hutiwa kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupimwa tena. Somo likipanda sana, ringi ndizo zimelika. Lisipopanda, ni valvu au gaskiti ya kichwa.

Katika hatua zote hizi kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja, na tanki hujazwa na kupimwa tena kabla ya kugusa kingine. Fundi anayebadilisha plagi, filta, sensa na nozeli siku moja anaweza kuliponya gari, lakini hakuna atakayejua kipi kilikuwa kibovu, na vipuri vitatu vizima vitakuwa vimetupwa.

Ikithibitika kwamba ringi zimelika, hesabu hufanywa kwa lita. Gari linalotembea kilomita 1,000 kwa mwezi na kushuka kutoka kilomita 12 hadi 10 kwa lita hupoteza kama lita 17 za petroli kila mwezi. Kiasi hicho hulinganishwa na bei ya kupasua injini na miezi ambayo gari litaendelea kutumika. Kwa gari la nyumbani linalotembea kidogo, mara nyingi haifai kupasua. Kwa gari la abiria linalopanda Newala kila siku, kilomita huwa mara nne au tano ya hizo, na injini hiyo hulipa gharama ya matengenezo yake yenyewe.